Dogo wa Kirumba kaniweza

Wadau, kuna dogo hapa Kirumba jana kanitoa jasho. Tulikuwa Quake III Arena, gemu la kupigana risasi la mwaka 1999, ramani (uwanja wa pambano) ya The Longest Yard: majukwaa yanaelea anga za mbali, pembeni hakuna ukuta, ukiteleza tu umekwenda na maji. Railgun, ile bunduki kali, iko jukwaa la peke yake. Kuifuata lazima urushwe na pedi ya kurukia iliyo sakafuni, na ukiwa hewani huna pa kujificha. Dogo anakuvizia hapo hapo! Risasi moja inakata afya 100, kwisha habari. Halafu anacheka huku anatafuna sato wa kukaanga, kibodi yote mafuta (mwenye kompyuta kanyamaza, sijui wana undugu). Ila ramani tamu bwana, kuliko zile za kujibanza kwenye vichochoro. Leo usiku narudi, umeme ukiwepo.