Binti niliyemwita mvivu
Katika mwaka wangu wa tatu wa kufundisha nilimsimamisha mbele ya wenzake binti wa Kidato cha Pili aliyekuwa akisinzia kila kipindi cha kwanza, nikamwita mvivu, naye akabaki akikunja na kukunjua ukingo wa sweta lake bila kujibu neno. Matroni ndiye aliyenieleza baadaye kwamba tangu afiwe na mama yake hakuwa akipata usingizi. Chuoni nilisoma saikolojia ya elimu, tena nikafaulu vizuri, lakini sikufundishwa kuitambua sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito ya muda mrefu, kwa mtoto. Naunga mkono mafunzo ya afya ya akili yawe ya lazima kwa kila mwalimu, si kwa mwalimu wa unasihi, yaani ushauri nasaha, peke yake, ambaye shuleni kwetu anahudumia wanafunzi zaidi ya 600 huku akifundisha hisabati.