Siku Steringi Alipokufa

Juzi binti yangu alikuwa anaangalia katuni, mkono mmoja umeziba macho, mwingine umeshika chapati. "Baba, huyu hafi, eti?" Nikamjibu bila kufikiri kwamba steringi hafi. Halafu nikamkumbuka Afande Chuma, nikanyamaza.

Waliokulia banda umiza, vile vibanda vya kuonyeshea video mtaani, wanaijua sheria hiyo: steringi, shujaa wa filamu, hafi. Ukiingia filamu imeshaanza, humuulizi jirani yako inaitwaje, unamuuliza steringi yupi. Ukishaonyeshwa, roho inatulia. Wengine wote wafe tu, wewe una mtu wako na mtu wako atafika mwisho.

Banda letu la Tandale lilikuwa nyuma ya mashine ya kusaga. Mashine ikiwashwa, mtafsiri anapandisha sauti. Ikizimwa, anajikuta anapiga kelele peke yake na watu wanacheka. Huyu hakuwa wa kwenye kanda. Alisimama mwenyewe pembeni ya televisheni, kipaza sauti mkononi, akijitahidi kuwa Lufufu, yule mtafsiri maarufu wa filamu za kanda, kama walivyojitahidi watafsiri wote wa mjini enzi hizo. Kiingereza chake sijui kiliishia wapi. Hakuna aliyewahi kumuuliza.

Kaka ndiye aliyenilipia. Alikuwa amemaliza kidato cha nne, anasubiri usaili wa jeshi, na filamu yoyote yenye kombati alikuwa haikosi. Nje waliandika kwa chaki: KOMANDOO NA MAZIMWI YA JANGWANI. Nimekuja kujua ukubwani kwamba ile ni The Hills Have Eyes 2 ya mwaka 2007, iliyoandikwa na Wes Craven pamoja na mwanawe Jonathan, ikaongozwa na Martin Weisz. Na lile jangwa la New Mexico lililoninyima usingizi walilipiga Morocco. Yaani hofu yote ile ilikuwa barani kwetu hapahapa.

Inaanza na mwanamke anajifungua mahali pabaya sana. Mtafsiri akatuangalia sisi watoto wa benchi la mbele, akashika rimoti. "Hospitali hiyo, tunapita!" Picha zikakimbia.

Zilipotulia, askari walikuwa kwenye mafunzo, wanaigiza wako Kandahar, na wanaharibu kila kitu. Sajenti wao anawafokea mmoja mmoja, mishipa ya shingo imemtoka. "Huyu hapa!" mtafsiri akapaaza sauti. "Afande Chuma! Steringi wetu! Kapigana Kandahar, risasi zinamkwepa zenyewe!" Kaka akajivuta mbele kwenye benchi. Kulikuwa na kijana mwingine, Napoleon, asiyependa vita, wenzake wanamcheka. Huyo mtafsiri alimpa sentensi moja tu: "Huyu wa kufa mapema."

Basi wanapelekwa jangwani, Sekta 16, kuwapelekea wanasayansi vifaa, wanakuta kambi haina mtu. Chooni anatoka mtu ambaye ni afadhali asingetoka. Hapo nilitumbukiza uso kwapani kwa kaka. Mazimwi yenyewe, mtafsiri akatueleza, ni wananchi. "Serikali ya Marekani ililipua bomu hapa, ikawasahau watu wake!"

Nilidhani ametunga, kama alivyotunga Afande Chuma. Lakini bomu la kwanza kabisa la nyuklia lililipuliwa kwelikweli huko New Mexico, alfajiri ya tarehe 16 Julai 1945, na wakazi wa karibu hawakuonywa wala kuhamishwa. Walioshtuliwa na mwanga na kishindo waliambiwa kwamba ghala la risasi limelipuka. Mazimwi hayakutokea. Zilizotokea ni familia za bonde la Tularosa zinazosimulia saratani kizazi baada ya kizazi, na sheria ya Marekani ya mwaka 1990 ya kufidia walioathiriwa na mionzi ikaziacha nje mpaka mwaka 2025. Kwa habari ya ghala la risasi, naona hata jeshi lilikuwa na mtafsiri wake.

Turudi bandani. Askari wanapanda mlima, Afande Chuma yuko nao, na sisi hatuna wasiwasi. Ukapigwa mlio wa bunduki. Afande akaanguka.

Hakuna aliyepiga kelele, maana hatukuelewa. Hakukuwa na zimwi. Risasi ilitoka kwa askari mwenzake, aliyepaniki, na kamera ikamwonyesha Afande amelala chali, damu inamtoka, na wale vijana wake wamemzunguka wanatazamana. Mashine ya kusaga ilikuwa imezimwa. Mtafsiri alikuwa na kipaza sauti mdomoni kabisa na tulisikia pumzi zake. Akameza mate; na hilo tulilisikia.

"Amezimia," akasema.

Tukangoja. Afande hakuamka. Mtu wa nyuma akasema kwa sauti ya kawaida tu, "Mzee, huyo kafa." Ndipo banda likalipuka. Rudisha hela! Umetuwekea filamu mbovu! Ndala ikaruka ikagonga ukuta wa mabati. Mtafsiri akanyoosha mkono kama trafiki. "Tulieni! Tulieni jamani! Aliyekufa ni pacha wake! Afande Chuma mwenyewe yuko Kandahar, ameshapata taarifa, anakuja na helikopta!"

Watu wakakaa. Nami nilikaa, nikaamini, na kuanzia hapo sikuangalia filamu tena, niliangalia anga tu. Huku chini watu wanaburutwa mashimoni, kuna zimwi moja lina huruma linawasaidia, mimi macho juu, nasubiri helikopta. Mwishowe waliotoka hai ni wanawake wawili na yule Napoleon wa kufa mapema. Maandishi yakaanza kupanda. "Helikopta," mtafsiri akasema akizima televisheni, "imeishiwa mafuta."

Tulicheka mpaka nje. Kaka hakucheka. Tulivuka mtaro, tukapita kwa muuza mihogo bila kusimama, jambo ambalo halijawahi kutokea, ndipo akaniuliza, "Yule aliyempiga mwenzake, walimfanya nini?"

Nikamwambia hata simjui ni yupi. Wote walivaa kombati.

"Mtafsiri hakusema?"

"Hakusema."

Akarudi. Kweli, aliniacha barabarani na kurudi bandani kumuuliza. Sijui alijibiwa nini. Nikimjua mtafsiri yule, alimpa hadithi nzima: mahakama ya kijeshi, kifungo, labda na pacha mwingine. Kaka alipotoka alininunulia muhogo na hakusema neno.

Jeshini hakwenda. Siku ya usaili aliondoka nyumbani alfajiri na vyeti vyake kwenye bahasha ya kaki, akarudi mchana. Nimewahi kutaka kuisema ile filamu kuwa ndiyo sababu, lakini mtu haachi kazi kwa ajili ya sajenti wa Marekani aliyekufa Morocco. Au labda anaacha. Mwenyewe ukimuuliza anasema walimkata urefu. Kaka yangu akija kwangu huinama ndipo apite mlangoni.