Niliacha chaki, nikabaki sina wa kunywa naye chai ya saa nne

Juzi kanipigia binti niliyemfundisha Kemia kule Kibondo, sasa hivi na yeye ni mwalimu, ana miaka miwili kazini, akaniambia Madam mi nataka kuacha, niambie ukweli, huko nje pesa inatosha? Nikamwambia pesa tutaongea, ila nikuulize kwanza, ukishaacha, saa nne asubuhi utakuwa unakunywa chai na nani? Akacheka sana akadhani natania. Sikuwa natania hata kidogo, na ndo maana nimekaa niandike haya, kwa sababu mimi hilo swali hakuna aliyeniuliza.

Niliajiriwa 2014 nikapangiwa Kibondo, mkoa wa Kigoma, na mume wangu kazi yake iko Morogoro. Anayeijua ramani anajua hiyo maana yake nini, unapanda basi giza unashuka giza, na likiharibika njiani unalala humo humo. Uhamisho niliomba mara nne. Nilikuwa kwenye magrupu sita ya kubadilishana vituo, walimu wenzangu mnayajua, yale ya "Mwl wa Kemia/Baiolojia, nipo Kibondo, natafuta wa kubadilishana naye, natoka Kigoma naenda Moro mjini au Mvomero, njoo inboksi". Nimeliposti hilo tangazo mpaka likawa kama sala ya jioni. Sasa nani atoke Morogoro mjini aende Kibondo? Mwaka wa nane mtoto wetu alikuwa na miaka mitano na ananiita mimi mama na bibi yake anamwita mama, nikaandika barua. Juni 2022, basi.

Hapo kwenye kuacha sitakaa sana. Taratibu zipo, notisi ipo, kabidhi vifaa ipo. Nitasema moja tu ambalo wengi wanalijua wakiwa wameshachelewa, ukiacha mwenyewe lile fao la kukosa ajira halikuhusu, ni la aliyeachishwa, kwa hiyo usije ukapiga hesabu nalo. Na ile salari slipu tuliyokuwa tunaitukana kila mwezi, mfuko wa hifadhi asilimia 5, bima asilimia 3, chama asilimia 2, bodi ya mikopo asilimia 15, halafu benki anamalizia na wewe, kuna mstari mmoja humo utakuja kuulilia. Nitaufikia.

Nilichokuwa sijajiandaa nacho ni asubuhi. Nilihamia Kihonda, nyumba ipo, mtoto yupo, mume yupo, yaani kila nilichokuwa nakililia kipo, na bado saa kumi na moja alfajiri macho wazi, naamka, napiga pasi nguo ambayo siendi nayo popote. Ikifika saa nne mwili unajua kabisa kwamba sasa hivi kule stafu chai imeletwa, chapati za yule mama wa getini kwenye beseni la bluu, nani anadaiwa nani halipi, mwalimu wa taaluma anang'aka kuhusu maandalio ya somo na hakuna anayemsikiliza, mwalimu wa zamu kachelewa kugonga kengele makusudi ili tumalize vikombe. Dakika ishirini tu lakini humo ndo nilikuwa nimeshikiliwa miaka minane na sikujua. Nilikuwa nadhani nashikiliwa na mshahara.

Halafu mtaa. Mtaa jamani. Mtu ukiacha ajira ya serikali hakuna anayeamini kwamba umeacha. Umefukuzwa. Una kesi. Jirani mmoja mtu mzima kabisa aliniuliza kwa sauti ya huruma, "mwanangu, au na wewe ulikutwa kwenye vile vyeti?" Ile ya vyeti feki ilikuwa 2017, watumishi 9,932 kwenye orodha, mimi nimeacha miaka mitano baadaye, lakini kwa mama yule ilikuwa bado ya moto. Nikamwambia hapana mama, cheti ni changu. Akasema "Mungu ni mwema", kwa namna ambayo nilijua hajaamini.

Grupu la shule niliendelea kubakia. Nikawa nasoma ratiba ya zamu isiyonihusu, nacheka utani wao, msiba ukitokea natuma elfu kumi yangu kama kawaida. Miezi mitatu hivi. Siku moja uongozi ukaandika kwamba jamani grupu hili ni la watumishi wa kituo tu, tuheshimiane. Hawakunitaja wala hawakunitoa. Ila tulikuwa watu 31 humo na asiye mtumishi wa kituo alikuwa mmoja. Nikajitoa mwenyewe saa sita mchana, nikaenda kuosha vyombo ambavyo nilikuwa nimeshaviosha.

Aliyeniokoa mwanzo ni mwenzangu mmoja wa stafu ile ile, alikuwa anafundisha Jiografia, na yeye aliacha kazi mwezi mmoja baada ya mimi kujitoa kwenye grupu, yuko Kahama anauza mchele. Hatukukubaliana chochote. Siku moja saa nne kamili kanitumia voisi, sekunde kama nane, nasikia kijiko kinagonga kikombe halafu anasema "haya ticha, chai hiyo". Basi. Nikaenda nikachemsha na mimi, nikamtumia ya kwangu. Mpaka leo tunafanya, Jumatatu mpaka Ijumaa, Jumamosi hapana kwa sababu Jumamosi hakukuwaga na stafu. Mume wangu anasema tuna kichaa.

Lakini mtu mmoja kwenye simu hatoshi, na hapa ndo nije kwenye kikundi.

Kikundi nilikifuata kwa tamaa, niseme tu. Nilikuwa nimeanza kutengeneza sabuni ya maji, nikasikia ile mikopo ya halmashauri isiyo na riba, asilimia 10 ya mapato ya ndani, wanawake 4, vijana 4, watu wenye ulemavu 2, lakini hupewi ukiwa peke yako lazima kikundi. Kuna akina mama walikuwa wanakutana kila Alhamisi saa kumi jioni nyuma ya banda la mama ntilie pale pale Kihonda, kumi na tatu, mimi nikawa wa kumi na nne. Mwenyekiti anauza ubwabwa Msamvu standi, mwingine mitumba, mwingine batiki, wawili wana genge, mmoja anasuka. Nilipojitambulisha kwamba nilikuwa mwalimu sekondari nikaacha, nilijiandaa na lile swali. Mwenyekiti akaniangalia akasema, "Kwa hiyo unajua kuandika haraka." Wakanipa daftari. Sikuulizwa kwa nini niliacha, siku ile wala siku nyingine yoyote, walikuwa wanataka katiba ya kikundi iandikwe maana halmashauri wameikataa mara mbili.

Nitakuwa mkweli, niliumia kidogo. Nimekimbia kalamu nyekundu huko, huku tena nakabidhiwa daftari kubwa na rula. Na wote wakaanza kuniita Ticha.

Tukaandika katiba, tukafungua akaunti, tukajaza fomu, tukasubiri. Aprili 2023 serikali ikasimamisha mikopo yote hiyo nchi nzima. Yaani sababu yenyewe ya kukutana imekufa. Nikasema Alhamisi hii sitakuta mtu. Nikakuta kumi na mbili. Aliyekuwa hayupo mmoja alikuwa anaumwa, na ajenda ya kwanza ikawa nani anampelekea uji. Hela ya hisa ikakusanywa, elfu tano tano, na elfu moja ya mfuko wa jamii, ikaingia kwenye lile boksi la chuma lenye kufuli tatu, kila kufuli mtu wake.

Sasa nisimulie ya chumvi. Kwa wasiojua, sabuni ya maji unaanza na salfoniki, ambayo ni asidi, unaituliza kwa sodashi, ndo lile somo la asidi na besi ambalo nimelifundisha kwa Kiingereza miaka minane watoto wanaitika "yes Madam" na macho makavu. Unaweka slesi ya povu, mwisho chumvi ili iwe nzito. Oda yangu ya kwanza kubwa ilikuwa lita 100 za mgahawa mmoja, nikatengeneza jioni, ikawa nyepesi, nikaongeza chumvi, ikawa nzito vizuri, nikasema ngoja niongeze kidogo ili mteja afurahi. Ikalegea. Nikaongeza tena. Ikawa maji. Maji ya rangi ya kijani yananukia ndimu, lita 100, hela yote niliyokuwa nayo imo kwenye mapipa mawili, saa tatu usiku.

Nikampigia anayeuza batiki, kwa sababu alishawahi kufanya sabuni. Mama wa darasa la saba. Akaja na kandambili, akachovya kijiti, akanyanyua akaangalia inavyodondoka, akasema "Ticha, umezidisha chumvi. Chumvi ikizidi inairudisha." Nikaanza kumbishia, kweli tena, nikaanza kumweleza! Akaniacha nimalize. Halafu akasema sasa tukiongea hivi mpaka asubuhi itaganda? Tengeneza nyingine nusu pipa isiyo na chumvi kabisa, tuchanganye kidogo kidogo. Salfoniki alikuja nayo kwenye dumu, ya kwake. Tulimaliza saa saba usiku, povu likaachwa lilale, asubuhi sabuni imesimama. Dumu la salfoniki nilimrudishia baada ya wiki tatu na hakuwahi kunikumbusha.

Nilipokuwa mwalimu, kukosea mbele ya watu ilikuwa aibu ya mwezi mzima. Pale Alhamisi nilisimulia mwenyewe na watu wakacheka mpaka machozi, na anayeuza mitumba akasimulia ya kwake ya belo alilofungua akakuta jaketi za baridi tupu, kwa joto hili la Moro.

Na ule mstari wa salari slipu sasa. Bima. Asilimia 3 ile, wewe, mwenza, watoto, unatoa kadi unatibiwa, unasahau kama kuna kitu kinaitwa bili. Mtoto akashikwa na homa kali usiku, mume yuko safari, hospitali wanataka hela kwanza, kwenye simu nina elfu nne. Nikampigia mwenyekiti. Boksi linakaa kwake, lakini funguo namba tatu iko kwa msusi, na msusi yuko Turiani msibani. Mwenyekiti hakusema lolote, akaenda kumwamsha fundi wa kuchomelea mtaa wa pili, kufuli likakatwa na msumeno usiku ule mashahidi wanne wamesimama na tochi za simu, bodaboda akaniletea elfu sitini hospitali ndani ya saa moja. Alhamisi iliyofuata nikasimama kama katibu nikasoma kwenye muhtasari, kwa mwandiko wangu mwenyewe, kwamba Ticha anadaiwa na kikundi shilingi 7,000 za kufuli jipya. Nilizilipa. Hiyo hawakunisamehe na sikutaka wanisamehe.

Mikopo ya halmashauri ilirudi 2024, tukajadili tukakuta nusu hawana hata hamu, tukaomba kidogo tu.

Kwa hiyo yule binti nilimwambia, kabla hujaandika barua tafuta kwanza Alhamisi yako, na usiitafute kwa walimu peke yao. Tukikutana walioacha tunanogewa kusimuliana tulivyoonewa, na mimi hiyo naipenda sana, saa nne asubuhi, dakika ishirini. Zikizidi inakuwa kama ile chumvi. Akaniuliza kama nikirudishiwa ajira leo ningerudi. Nikamwambia swali hilo uniulize mwezi wa kwanza ada zikiwa mlangoni, sio sasa hivi.

Yale magrupu ya kubadilishana vituo matano nilijitoa, moja nilisahau, liko chini huko limezimwa sauti. Wiki iliyopita nafuta picha simu imejaa, nikalifungua. Tangazo la siku hiyo hiyo: Mwl wa Kemia/Baiolojia, yupo Morogoro mjini, anatafuta wa kubadilishana naye, anataka Kigoma, ikipatikana Kibondo atafurahi zaidi. Nimesubiri huyo mtu miaka minane. Nikapiga skrinshoti nikamtumia mwenzangu wa Kahama, hata sikuandika neno. Akakaa kimya kidogo, halafu ikaingia voisi, kijiko kinagonga kikombe.

"Ticha, kunywa chai."