Nilivyopanda cheo kwa kumsubiri mtu wa tano

Mimi ni Mtanga. Mbio zangu zilikuwa za kuwahi daladala ya Raskazone, basi. Lakini chuo kidogo cha Marekani kikimwona Mwafrika mwembamba aliyesomea elimu ya viungo, kinamkabidhi saa na filimbi. Siku ya usaili waliniuliza kama namfahamu Suleiman Nyambui, aliyekimbilia chuo cha Texas El Paso na kuchukua fedha ya mita 5,000 Moscow mwaka 1980. Nikajibu namfahamu sana. Yeye ndiye hanifahamu.

Nikawa kocha msaidizi wa mbio za nyika na riadha. Mshahara ulitosha kodi ya chumba, chakula nikakipata kwa kubeba maboksi usiku, maboksi ya kweli.

Kila mtu alikuwa na ushauri ule ule: "Leta Wakenya." Jamani, chuo chetu ni daraja la tatu la NCAA, chama cha michezo ya vyuo vya Marekani, ambako ni marufuku kumpa mtu ufadhili kwa sababu ya miguu yake. Kijana wa Iten aje kujilipia ada ili amfurahishe nani? Mwingine akasema tuongeze maili. Tukaongeza, wakaishia kukaa na barafu kwenye ugoko.

Mimi nilishika hesabu. Mbio za nyika wanakimbia saba, wanahesabiwa watano wa kwanza, nafasi zao zinajumlishwa, na mwenye jumla ndogo ndiye bingwa. Nyota wangu akishinda anakuletea pointi moja, halafu mtu wa tano anafika wa 60 na kuifuta furaha yote.

Basi kwenye mazoezi ya kilomita moja moja, saa niliisimamisha mtu wa tano alipovuka koni. Muda wake ndio muda wa wote, na pengo kati yake na wa kwanza likizidi sekunde kumi, raundi haihesabiwi. Nyota alikuwa akifika mapema, mikono kiunoni, ananitolea macho nimsomee muda. Mimi natazama kwenye koni, najikuna ndevu. Alinuna wiki nzima. Kisha akaanza kurudi nyuma kumfuata wa tano, kijana wa kemia anayekimbia kichwa upande, na kumvuta mlimani kwa maneno ambayo siyaandiki hapa.

Mashindano ya kanda, wapinzani wakachukua 1, 2 na 3, wakaanza kukumbatiana. Wa nne wao akaja wa 19, wa tano wa 25: jumla 50. Wangu waliingia 5, 6, 8, 9 na 11. Jumlisha mwenyewe. Mwaka uliofuata nikapewa ukocha mkuu, maboksi nikawaachia wenye migongo.

Ila msijaribu hili uwanjani. Huko kwenye mashindano makubwa mshindi anapata pointi 10, wa nane moja, na kurusha tufe kuna thamani sawa na mita 10,000. Msimu wa riadha ukifika, kutwa nzima nawabembeleza wacheza futiboli ya Kimarekani waje kurusha.