Ilani Iliyopita Chini ya Mlango

Tarehe 20 Mei 2014, wapangaji wote wa jengo letu la Majengo, mjini Mombasa, tulikuta karatasi ya aina moja imepenyezwa chini ya milango yetu. Haikuwa na mhuri wala anwani, ila sahihi ya wakala aliyekuwa akikusanya kodi kwa niaba ya mwenye nyumba. Ilisema kwamba kodi ya kila duka ingepanda kutoka shilingi 12,000 hadi shilingi 20,000 kwa mwezi kuanzia tarehe 1 Juni, kwamba kila mpangaji aongeze amana hadi ifikie kodi ya miezi mitatu kwa kiwango kipya, na kwamba asiyekubali atoe vitu vyake kabla ya mwezi kwisha.

Wakati huo nilikuwa na duka la vifaa vya shule, na karibu na mlango niliweka mashine ya kutolea nakala. Jirani yangu wa kushoto alikuwa fundi cherehani, mzee aliyekuwa akishona kanzu na sare za shule katika chumba hichohicho tangu miaka ya 1980. Wa kulia alikuwa mama aliyeuza mahamri na mbaazi asubuhi, na viazi karai jioni. Orofa mbili za juu zilikaliwa na familia.

Kodi kupanda si jambo geni, na hakuna kati yetu aliyedhani kwamba ingebaki 12,000 milele. Kilichotuumiza ni muda. Muhula wa pili wa shule ulikuwa umeanza mwanzoni mwa Mei, kwa hiyo fedha zangu zote zilikuwa zimekwisha kugeuka madaftari na kalamu zilizopangwa rafuni, na zingerudi kidogo kidogo hadi Agosti. Fundi alikuwa amepokea malipo ya awali ya sare ambazo hata vitambaa vyake havijakatwa. Yule mama alikuwa amechukua mkopo wa chama ili anunue jiko kubwa la gesi. Mfanyabiashara mdogo hupanga miezi miwili au mitatu mbele kwa sababu hana akiba ya kumbeba, na anayembadilishia masharti kwa muda usiofika wiki mbili anamnyima hata nafasi ya kuhama kwa heshima. Nilikasirika wakati ule, na hata leo naona kwamba nilikuwa na haki ya kukasirika.

Jioni hiyo tulikutana dukani kwa fundi, tukaketi juu ya marobota ya vitambaa. Wakala naye alifika, akasimama mlangoni bila kuingia, akasema, “Nyinyi hamna mkataba wowote ulioandikwa. Mtu asiye na mkataba hana haki ya kudai ilani.” Yule mama akanyamaza kwa muda, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, “Mwanangu, ni kweli?” Sikuwa na jibu la kumpa.

Jibu lilikuja siku iliyofuata, kupitia mteja wangu wa siku nyingi, karani wa wakili, ambaye huja kutoa nakala za hati. Aliisoma ile karatasi mara mbili, akaiweka juu ya mashine, akasema kwamba mambo yalikuwa kinyume kabisa cha maneno ya wakala. Sura ya 301 ya Sheria za Kenya, iliyopitishwa mwaka 1965 kuhusu wapangaji wa maduka, hoteli na sehemu za kuuzia chakula, inamlinda hasa yule asiye na mkataba wa maandishi, pamoja na mwenye mkataba wa muda usiozidi miaka mitano. Mwenye nyumba anayetaka kumtoa mpangaji wa namna hiyo, au kubadilisha sharti lolote kwa hasara ya mpangaji, lazima atumie fomu maalumu iliyowekwa na kanuni, yaani Fomu A. Ni lazima aeleze sababu zake, na ilani hiyo haiwezi kuanza kutumika kabla ya miezi miwili tangu mpangaji aipokee. Mpangaji naye hutakiwa kujibu kwa maandishi katika muda wa mwezi mmoja. Akitaka kupinga, hupeleka shauri kwenye Jopo la Kodi za Majengo ya Biashara kabla ya tarehe ya ilani kufika, na tangu hapo ilani husimama hadi jopo liamue.

Karani alituonya pia kwa ukali juu ya jambo ambalo baadhi yetu tulikuwa tumeanza kulizungumza, nalo ni kugoma kulipa. Mpangaji anayechelewesha kodi kwa miezi miwili humpa mwenye nyumba sababu ya kisheria ya kumtoa. Fundi akalishika neno hilo kuliko sote. Alizunguka mlango kwa mlango akisema kwamba tarehe 1 kila mtu alipe zile 12,000 zake asubuhi mapema, kwa M-Pesa, ili ushahidi ubaki kwenye simu.

Barua tuliiandika dukani kwangu usiku, mlango ukiwa umefungwa nusu. Nilipiga chapa, wengine wakisimama nyuma yangu wakibishana juu ya kila sentensi. Kijana wa duka la simu alitaka tumwite wakala mwizi. Fundi akakataa, akasema kwamba barua itasomwa na mwenye nyumba mwenyewe, na kwamba huyo hatujagombana naye. Hatimaye barua ikasema mambo machache: kwamba tumepokea karatasi ya tarehe 20 Mei, kwamba si ilani inayotambuliwa na Sura ya 301, kwa kuwa haiko katika fomu iliyowekwa na haikutoa miezi miwili, kwamba tutaendelea kulipa kodi ya sasa kwa wakati, na kwamba tuko tayari kuzungumza. Kila mpangaji wa duka alitia sahihi. Tulitoa nakala kwa kila mmoja, na barua yenyewe tukaipeleka kwa mwenye nyumba, tukamwomba aliyeipokea aandike tarehe na jina lake juu ya nakala yetu.

Familia za juu zilitaka kutia sahihi pamoja nasi, na hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo bado linanisikitisha. Ukuta ni mmoja na ngazi ni moja, lakini sheria si moja. Sura ya 301 ni ya biashara. Ya nyumba za kuishi ni Sura ya 296, nayo humlinda mpangaji ambaye kodi yake ya msingi haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi, kiwango ambacho katika Mombasa ya mwaka 2014 hakikutosha kupata vyumba viwili vyenye maji. Wao walilipa zaidi ya hapo. Kilichobaki kwao ni Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012, inayotaka anayevunja upangaji wa mwezi kwa mwezi atoe ilani isiyopungua mwezi mmoja. Tuliwaandikia barua yao peke yake yenye hoja hiyo. Iliwapatia mwezi wa Juni, basi.

Tarehe 2 Juni wakala alikuja na kufuli mpya mkononi, akazirudisha pesa za M-Pesa za watu wawili, akatishia kufunga maduka. Hakufunga. Fundi alimwonyesha nakala ya barua yenye tarehe ya kupokelewa, akamwambia kwa upole, “Bwana, ukitaka kufunga, njoo na amri.” Wale wawili wakazituma pesa zao tena papo hapo, mbele yake.

Katikati ya Juni tuliletewa Fomu A, safari hii imejazwa vizuri na ikitaja tarehe 1 Septemba. Tuliijibu ndani ya mwezi, na mwezi wa Julai tukapeleka shauri. Sikuona uchungu kuipokea fomu ile. Ilitaja sababu tulizoweza kuzijibu, na ilitupa muda wa kuzunguka mtaani kuuliza maduka ya ukubwa wetu yanalipa kiasi gani. Mengi yalilipa kati ya 14,000 na 16,000, na tuliyaandika yote.

Shauri halikufika mwisho. Mwezi wa Oktoba mwenye nyumba alitualika kwake, akatupa kahawa chungu na tende, tukakubaliana shilingi 15,000 kuanzia Januari 2015, amana ibaki ileile, na kila mpangaji apewe kitabu cha kodi, ambacho sheria ilikuwa ikimtaka atupe miaka yote hiyo. Familia tatu za juu zilikuwa zimekwisha kuhama, mbili kwenda Mishomoroni na moja kwenda Mtwapa, na vyumba vyao vilikodishwa kwa bei mpya kabla ya Desemba.