Zaburi fupi kwa waliorudi kwao

Machi 2020, siku moja tu baada ya shule kufungwa kwa sababu ya korona, vyuo navyo vikaamriwa vifunge. Wanafunzi wetu wa Tabora, tuliokuwa tukiwalea kiroho, wakatawanyika: wa Uvinza na Kigoma kwa treni, wa Urambo na Kaliua kwa basi. Makanisa na misikiti nchini ilibaki wazi, kwa hiyo wapo waliosema malezi ya kiroho hayatapungua. Hao hawajui kigango cha kijijini kinachosubiri padri wiki hadi wiki.

Tukakubaliana kutuma tafakari ya sauti kwa WhatsApp. Dakika 3, basi. Haifiki MB 1, hata mtandao wa kuvizia juu ya kichuguu unaishusha. Tulituma alfajiri, wenye bando la usiku waiwahi. Kurekodi ni chumbani penye nguo nyingi zilizotundikwa, maana kuta tupu hurudisha mwangwi. Simu ikae shubiri moja na mdomo, upande kidogo, ili pumzi isipige kinasa sauti. Orodha ya matangazo ya WhatsApp (broadcast), inayotuma ujumbe mmoja kwa wengi, ina kasoro yake: humfikia tu aliyehifadhi namba yako, asiyeihifadhi hapati kitu na wewe hujui. Kwa hiyo kila kiongozi wa jumuiya alikabidhiwa watu wake. Wenye vitochi, simu ndogo za vitufe, walipata meseji ya herufi 160; ukichomekea kikaragosi (emoji) zinabaki 70, ujumbe unakatika vipande na salio linaliwa.

Hayo ni mepesi. Kazi ilikuwa maneno yenyewe.

Kila mtu siku zile alisambaza Zaburi ya 91, ile ya tauni isiyokaribia hema. Ni sala nzuri, ila ikitumwa kama kinga inaumiza: mjomba akifariki, kijana anajiuliza imani yake ilipungukia wapi. Na katika Mathayo 4 ni Ibilisi anayeinukuu zaburi hiyo, akimtaka Yesu ajirushe kutoka kinara cha hekalu. Sisi tulianza na ya 13. Ina aya 6, na mwombaji anamuuliza Mungu “hata lini” mara nne kabla hajafika kwenye kushukuru. Msomaji aliisoma taratibu mara mbili, akanyamaza kidogo, akaacha swali moja na tendo moja la siku hiyo: mpigie mwenzako, mtekee bibi maji ya kunawa.

Swali lililorudi kuliko yote lilikuwa kama korona ni adhabu. Tukawapa Luka 13, mnara wa Siloamu ulioua watu 18, na Yesu akakataa kwamba walikuwa wakosefu kuliko wengine wa Yerusalemu. Binti mmoja alipiga simu kutoka Kaliua, nyuma yake watu wakichambua tumbaku.

“Tumsifu Yesu Kristo, Mwalimu.”

“Milele amina, mwanangu. Hamjambo huko?”

“Hatujambo. Ile ya mnara naomba uirudishe, imefutika. Baba anataka wazee wa jumuiya waisikie kabla hawajaenda kwenye msiba.”

Simu kama hiyo ilituonyesha nani anasikiliza. Wasiojibu ndio waliotutia wasiwasi, na kila kiongozi aliandika majina yao pembeni: simu imeuzwa, ana mgonjwa, amekata tamaa ya kusoma. Vyuo vilipofunguliwa Juni 1, tulianza kupigia majina hayo, kuulizia nauli na ada.