Doa Jeupe Mgongoni

Wiki iliyopita binti yangu alirudi kutoka chuoni akiwa ameudhika, kwa sababu wenzake walikuwa wamemcheka kwa doa jeupe lililoenea mgongoni mwa baibui lake, kutoka begani hadi karibu na kiuno. Kabla ya kuondoka alikuwa ameegemea ukuta wa chumba cha chini huku akivaa viatu, na chokaa ikamshika. "Baba, kwa nini ukuta wetu unatoka rangi?" aliniuliza. "Wa jirani hautoki." Nilimfuta kwa kitambaa kibichi, nikamwambia kwamba hiyo si rangi bali ni chokaa, naye akanitazama kama mtu aliyejibiwa swali ambalo hakuuliza.

Swali lake lilinirudisha nyuma, kwani lalamiko hilohilo la doa la chokaa kwenye baibui ndilo lililoanzisha yote yaliyoipata nyumba hii ya Kiponda, hapa Mji Mkongwe, Unguja.

Mwaka 1997, dada yangu alipokuwa anaolewa, mama alinitumia barua Muscat akisema kwamba haya itamwua siku ya harusi. Wageni watakaa chini kuzunguka chumba, wataegemea ukuta, na kila mwanamke atakayeinuka ataondoka na nusu ya ukuta wetu mgongoni. Alitaka ukuta usiotoka, unaofutika kwa kitambaa, kama wa nyumba za watu. Mimi wakati ule nilikuwa nimekaa miaka miwili Uarabuni, nikilala na kuamka katika majengo ya saruji yaliyopakwa rangi laini, na sikuona kitu gani kingekuwa rahisi zaidi kumfanyia mama yangu. Nilituma fedha. Mahamali wakaingiza mifuko ya saruji kwa magari ya mkono, kwa kuwa vichochoro vyetu havipitishi kitu kipana kuliko hicho, chokaa ya zamani ikakwanguliwa hadi usawa wa kifua, ikapigwa lipu ya saruji, na juu yake ikapakwa rangi ya mafuta ya kijani. Picha za harusi ninazo mpaka leo. Wanawake wameketi wamejiachia, migongo ukutani, na ule ukijani unang'aa nyuma yao kama maji ya kidimbwi.

Baada ya miaka mitatu au minne, mama aliniambia kwa simu kwamba juu ya mstari wa kijani, mahali ambapo chokaa ya zamani ilikuwa imebaki, ukuta umeanza kuchanua chumvi, unga mweupe unaodondoka ukiupuliza. Mwaka 2003 tulikubaliana kwamba dawa ni kupandisha saruji hadi darini. Nikatuma fedha mara ya pili. Naandika "tulikubaliana", lakini ukweli ni kwamba mimi ndiye niliyesema na mama akaitikia.

Niliporudi kwa kukaa, mwaka 2011, dari ya chumba kile ilikuwa imebonyea upande wa mashariki kiasi cha kuonekana kwa macho. Tuliomba kibali kwa Mamlaka ya Mji Mkongwe, kama inavyopaswa, na tukaelekezwa kwa fundi mmoja mtu mzima ambaye maisha yake yote alikuwa amefanya kazi ya chokaa na mawe. Alikuja asubuhi na kijana wake mmoja, akamwamkia mama, akavua kofia na kuiweka juu ya kabati la vioo lililokuwa limefunikwa shuka. Kisha akaanza kuugonga ukuta kwa kifundo cha kidole, pole pole, kutoka mlangoni kuelekea mashariki, akiwa ameinamisha sikio. Mlio ulibadilika alipofika pembeni. Ukawa kama wa debe tupu.

Hapo akaweka tindo, akapiga nyundo mara tatu. Nilitazamia vumbi na vipande vidogo vidogo. Badala yake lipu ilitoka gamba zima, pana kama sinia la biriani, ikaanguka juu ya magunia tuliyotandika, uso wake wa kijani ukiwa mzima kabisa. Nyuma yake palitokea mawe ambayo sikuwa nimeyaona tangu utotoni, yale mawe ya matumbawe yenye matundu, lakini yalikuwa meusi kwa maji kana kwamba mvua imenyesha ndani ya ukuta. Udongo mwekundu na chokaa iliyoyashikanisha ilikuwa laini; fundi alichomeka kidole, kikaingia hadi kiungo cha pili. Harufu iliyotoka ilikuwa ya kisima kilichofunikwa siku nyingi. Mama, aliyekuwa amesimama mlangoni, alivuta upindo wa kanga akaziba pua, lakini hakuondoka.

Fundi akapanda ngazi. Nyumba zetu hizi, kama mjuavyo, upana wa chumba ni urefu wa boriti: mti wa mkoko unavuka kutoka ukuta hadi ukuta, ncha zake zimezikwa ndani ya mawe, na juu yake ndipo yanapolala mawe madogo na chokaa ya sakafu ya juu. Alifukua tundu la boriti ya kwanza kwa ncha ya tindo, akaingiza mkono, akautoa umekunjwa ngumi, akashuka, akaniambia nifungue kiganja. Alichonimwagia kilikuwa kitu cha rangi ya kahawia, chepesi, chenye unyevu. Nilidhani ni udongo. Nilipokisugua kwa kidole gumba kikasagika kama ugoro, na ndipo nilipoona ndani yake nyuzi mbili tatu za mti.

"Ukuta wa mawe una jasho kama mwili wa mtu, mwanangu," alisema. "Maji yanapanda kutoka chini kila siku ya Mungu, na chokaa inayaacha yatoke. Saruji haiyaachi. Yakikosa pa kutokea yanapanda tu, mpaka yakutane na mti. Aliyeupiga saruji huyu ameuvika nailoni."

Hakujua anasema na nani. Kiganja changu kilikuwa bado wazi, na ule ugoro wa boriti ukiwa juu yake, nami sikuweza kuumwaga wala kuufumba. Miti ile ilikuwa imebeba sakafu ambayo bibi yangu alisali juu yake, ambayo baba alizaliwa juu yake, na ambayo sote ndugu sita tulilala mistari ya mikeka siku za joto. Ilikuwa imevuka ukuta hadi ukuta kabla ya yeyote kati yetu kuzaliwa, na ilichohitaji ni kuachwa tu. Nilimtazama mama, nikisubiri aseme kwamba ni mtoto wake huyu, na fedha zake hizi.

"Tulikipamba kwa ajili ya harusi," mama alisema. Hakuongeza neno.

Mengine yalipita kwa kazi. Chumba kilikuwa na boriti 16. Tulibadilisha 9, na kuzipata zilizokomaa na kunyooka kulituchukua muda mrefu kuliko kuziweka. Dari ikashikiliwa kwa magogo. Saruji yote ikabanduliwa, ukuta ukaachwa uchi miezi mitatu ukauke, madirisha wazi mchana kutwa. Chokaa ilizimwa uani ndani ya shimo, ikitokota na kutoa mvuke kama ilivyokuwa tulipokuwa watoto, wakati kila mwezi wa Shaabani nyumba ilipopakwa upya ili Ramadhani iikute nyeupe, nasi tulikatazwa kuinama juu ya pipa isije ikaturukia machoni. Ililowekwa wiki kadhaa, ikachujwa, ikachanganywa na mchanga na ule udongo mwekundu kwa lipu, na koti la mwisho likapakwa chokaa tupu iliyotiwa buluu kidogo ya kufulia ili weupe wake ung'ae. Mashubaka mawili ambayo saruji ya 2003 ilikuwa imeyaziba yalifunguliwa, na mama akarudisha humo vikombe vyake na chetezo. Kila aliyeingia alisema mashaallah.

Usiku wa kwanza baada ya fundi kumaliza, tulikaa humo wawili, mimi na mama, na nilimwomba radhi. Nilikuwa nimeyapanga maneno kwa miezi. Alinisikiliza hadi mwisho, akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Mimi nilikuwa nakipenda chumba kile, mwanangu. Kijani kile nilikichagua mwenyewe dukani. Miaka kumi na minne sikuona haya kumkaribisha mtu."

Sikuwa nimejiandaa kwa hilo. Nilikuwa nimekuja na deni la boriti tisa, na yeye alikuwa akinikumbusha deni jingine, la upande wa pili, ambalo sikujua kama nililipa au nilimnyang'anya malipo yake. Sehemu ya Beit el Ajaib, lile jumba la kale la Mji Mkongwe, ilipoporomoka tarehe 25 Desemba 2020, na mji mzima ukawa unatazama dari zake kwa hofu, aliniita nimwangazie tochi boriti zote 16, moja baada ya nyingine, akazihesabu kwa sauti, akaridhika. Lakini siku ileile aliniuliza kama siku hizi hawajatengeneza rangi ya kijani ambayo ukuta unaweza kuivaa.

Alichofanya yeye, bila kunishauri, ni kutundika mkeka wa ukindu kwa misumari midogo kuzunguka chumba, usawa wa migongo ya wageni, ili mtu aegemee mkeka badala ya chokaa. Aliufuma mwenyewe, miraba ya zambarau na kijani, na kijani ndicho kingi. Umebaki ukutani baada yake. Upande wa mlangoni umekatika, ukindu umevunjika na kuacha pengo la kama dhiraa moja, na hapo hasa ndipo binti yangu alipoegemea akivaa viatu.

Jumamosi nitampeleka sokoni Darajani tutafute kipande cha kuziba. Nimemwambia achague rangi yeye.